Kadi ya manjano ya mwaka 2012 bado ni hai: jibu kwa mkulima wa Kibosho anayekwenda Brazili na mkewe

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa kahawa, Kibosho, nina miaka 63 na mke wangu ana 57. Wanunuzi wa kahawa yetu wametualika Brazili, jimbo la Minas Gerais, wiki mbili, tukaone wenzetu wanavyolima. Tiketi na malazi wamelipa wao, chanjo tunajilipia. Kliniki moja ya binafsi imetuandikia chanjo sita kila mmoja: homa ya manjano, homa ya ini A, homa ya ini B, taifodi, kichaa cha mbwa na homa ya uti wa mgongo. Kwa watu wawili jumla imepita shilingi milioni moja na laki nne, na fedha hiyo hatuna. Nina kadi ya manjano ya mwaka 2012 nilipokwenda Uganda, lakini wameniambia ilikufa baada ya miaka kumi. Mke wangu hajawahi kuchanjwa, ana kisukari cha kumeza vidonge, na anaogopa kwa sababu jirani yetu aliugua siku chache baada ya sindano hiyo. Kijana mmoja wa stendi anasema anaweza kutupatia kadi mbili bila kuchomwa, kwa elfu arobaini. Tunaondoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) baada ya wiki tano kupitia Addis Ababa, na wakati wa kurudi tutakaa hapo saa kumi na nne. Tufanye nini?"

Shikamoo mzee wangu, na umfikishie Mama shikamoo yangu pia.

Nianze na lile ambalo naamini litawaondolea usingizi wa mang'amung'amu. Katika chanjo zile sita mlizoandikiwa, safari yenu inadai moja tu, nayo ni ya homa ya manjano, na kati yenu wawili anayehitaji kuchomwa ni Mama peke yake. Wewe ulishachomwa mwaka 2012, na kadi yako haijafa. Kwa hiyo kabla hujauza hata debe moja la kahawa kwa ajili ya sindano, itafute kadi hiyo ilipo, uifute vumbi na uiweke pamoja na pasipoti yako.

Habari ya miaka kumi haikutoka hewani. Zamani cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilihesabiwa kuwa halali kwa miaka kumi, na kadi nyingi zilizotolewa wakati ule zimeandikwa tarehe ya mwisho kwa mkono wa muuguzi. Baadaye wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipitia ushahidi uliokusanywa kwa miongo mingi wakaona kwamba dozi moja inamkinga mtu mwenye afya ya kawaida maisha yake yote. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukabadilisha Kanuni za Afya za Kimataifa mwezi Mei 2014, na badiliko hilo likaanza kutumika tarehe 11 Julai 2016. Tangu siku hiyo cheti kinadumu kwa maisha yote ya mwenyewe, na badiliko hilo linazihusu pia kadi zilizotolewa kabla ya hapo, hata kama zimeandikwa kwamba mwisho wake ni 2022. Hakuna nchi iliyofungwa na kanuni hizo inayoruhusiwa kumdai msafiri dozi ya pili kwa sababu tu kadi yake imevuka miaka kumi. Ninasikitika kwamba miaka yote hii bado watu wanachomwa mara ya pili na kulipishwa mara ya pili kwa kanuni iliyokwisha kufutwa.

Ukishaipata kadi yako, ikagueni pamoja na Mama mkiwa mmetulia mezani penye mwanga. Kwanza tazameni jina: je, linafanana na la pasipoti, herufi kwa herufi? Kadi za zamani nyingi zina majina mawili ilhali pasipoti ina matatu, na hilo kwa kawaida halina shida, ila jina lililoandikwa vingine kabisa linaweza kuleta mabishano dirishani. Pili, iwepo tarehe ya kuchanjwa. Tatu, iwepo sahihi ya mtoa huduma. Nne, lile dirisha dogo la jina la mtengenezaji na namba ya bechi ya chanjo liwe limejazwa. Tano, uwepo muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Mkiona kasoro, rudini kwenye kituo kilichotoa kadi, kwa maana vituo hivi hutunza daftari. Nawasihi msiguse maandishi yale kwa kalamu yenu wenyewe, hata kwa nia njema ya kufuta ile "2022" na kuandika "maisha", kwa sababu kadi iliyofutwa au kuongezewa maneno inaweza kukataliwa yote. Ikiwa ofisa mmoja hatakuwa na habari ya badiliko la 2016, jibu lako kwake ni upole na ukurasa mmoja wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa ukaukunja ndani ya pasipoti.

Kuna sababu nyingine ya kuishukuru kadi hiyo, mzee wangu. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu anayechomwa kwa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 60 ana hatari kubwa zaidi ya kupata madhara makali kuliko kijana. Hatari yenyewe bado ni ndogo, lakini kwa umri wako ningetaka kukaa nawe ana kwa ana kabla ya kukubali uchomwe. Kwa kuwa ulichomwa ukiwa bado hujafika miaka sitini, mjadala huo hatuuhitaji.

Sasa nieleze kwa nini chanjo hii inahitajika, maana nimekutana na wasafiri wengi wanaodhani ni karatasi ya kuwaridhisha watu wa uwanja wa ndege. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Msituni inazunguka kati ya kima na mbu, na binadamu anayeingia humo bila kinga huumwa na mbu yule yule aliyetoka kumuuma kima mgonjwa. Minas Gerais, jimbo linaloongoza kwa kahawa nchini Brazili, lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia sana katika mlipuko ulioanza mwishoni mwa mwaka 2016 na kuendelea hadi 2018. Kima walianza kuokotwa wamekufa, kisha watu wa vijijini wakaanza kuugua. Ninyi mtapelekwa mashambani, si hotelini mjini. Wengi wanaougua hupata homa na maumivu ya mwili kisha hupona, lakini wachache huingia katika hatua ya pili, ambapo ini na figo hushambuliwa, macho huwa ya njano na damu huanza kutoka, na kati ya hao karibu nusu hufariki. Dawa ya kukiua kirusi hicho haipo. Kinga ipo, na imekuwapo tangu miaka ya 1930.

Ukiacha mwili, kuna mipaka. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapojichanganya. Tanzania yenyewe haimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye maambukizi ya homa ya manjano, kwa hiyo kuishi Moshi hakukudai kadi. Kinachodai kadi ni njia unayopita. Brazili imo katika orodha hiyo, na Ethiopia imo, kama ilivyo Kenya kwa jirani zetu. Tanzania humdai cheti msafiri anayetoka katika nchi ya namna hiyo, na pia aliyekaa kiwanjani katika nchi hiyo zaidi ya saa 12 akisubiri ndege. Ninyi mnatoka Brazili na mnakaa Addis Ababa saa 14, kwa hiyo mtadaiwa kadi kwa sababu mbili, na mtadaiwa na maofisa wa nyumbani kwenu, KIA, siku mnayorudi mkiwa mmechoka. Nalisema hili pia kwa wale wa Arusha wanaopenda kupanda basi dogo hadi Nairobi ili wakapate ndege ya bei nafuu: ukishalala Nairobi, umetoka katika nchi yenye homa ya manjano, na nchi unayokwenda ina haki ya kukuuliza kadi.

Nije kwa hofu ya Mama, kwa sababu ni hofu ya haki na haistahili kupuuzwa. Chanjo hii inapoingia mwilini, kirusi kilichodhoofishwa huzaliana kidogo kwa siku chache, na mwili hukijifunza na kutengeneza askari wake. Kazi hiyo inaweza kuleta homa ndogo, kichwa kuuma na viungo kuchoka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tisa. Inawezekana kabisa kwamba jirani yenu alipata hilo, au aliugua malaria au mafua yaliyokuwa yakimjia hata bila sindano. Madhara makali yapo pia, nami sitayaficha: mara chache sana chanjo hushambulia viungo vya ndani kama ini, au ubongo na mishipa ya fahamu, na kila moja ya hali hizo mbili hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu laki moja waliochanjwa. Kwa mama wa miaka 57 anayekwenda kutembea pembezoni mwa misitu ya Minas Gerais, mizani yangu inalalia upande wa kuchanja bila kusita.

Kisukari cha vidonge, kikiwa kimetulia, hakimzuii. Ila siku chache baada ya sindano apime sukari mara nyingi zaidi ya kawaida yake, kwa kuwa homa yoyote hupandisha sukari. Yapo mambo ambayo yakiwepo asichomwe kabla ya kuonana na daktari ana kwa ana: kama amewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya kula yai, kwa sababu chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai, kama anatumia dawa za saratani au vidonge vya steroidi kwa wingi, kama aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa tezi ya kifuani iitwayo thaimasi, au kama ana ugonjwa wowote unaoshusha kinga. Mtu anayeishi na VVU anaweza kuchanjwa ikiwa CD4 zake, yaani chembe za kinga zinazopimwa katika damu, ni 200 au zaidi na hali yake ni nzuri, hivyo asijinyime wala asifiche. Amwambie mtoa huduma kwa siri, na atapimiwa. Kwa mjamzito na kwa mama anayenyonyesha mtoto mchanga uamuzi ni wa kupima hatari kwa hatari, na hilo haliwezi kufanyika kwa barua.

Kama daktari ataona kwamba Mama hafai kuchanjwa, kuna barua ya kitabibu ya kumsamehe, iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye sahihi na muhuri. Barua hiyo inaweza kumvusha mpakani. Haiwezi kumfukuzia mbu, kwa hiyo ikifika hapo ningemshauri abaki, au asiende mashambani.

Kuhusu kijana wa stendi, nakuomba kwa heshima zote usimpe hata nauli. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mfanyabiashara, akanionyesha kadi nzuri ya njano aliyoinunua. Muhuri ulikuwa safi kuliko mihuri yetu. Lakini pale pa namba ya bechi palikuwa patupu, na tarehe ya kuchanjwa ilikuwa Jumapili ambayo kituo kilichotajwa kwenye muhuri kilikuwa kimefungwa. Mimi niliona hayo kwa nusu dakika, na ofisa wa afya anayekagua kadi kila siku huona haraka kuliko mimi. Msafiri asiye na cheti halali anaweza kurudishwa, au kuwekwa chini ya uangalizi hadi siku sita, ambazo ndizo muda wa ugonjwa kujificha mwilini. Kughushi hati ni kosa la jinai, na wewe ndiwe utakayekutwa na hati mkononi, yule kijana atakuwa yuko stendi. Linaloniuma zaidi ni kwamba Mama angekwenda Minas Gerais akiamini ana kinga ambayo hana.

Basi achanjwe wapi, na kwa bei gani? Chanjo ya homa ya manjano yenye cheti cha kimataifa hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa na Wizara ya Afya tu. Kliniki isiyo na idhini hata ikikuchoma dawa halisi, kadi yake haitakufikisha popote. Kwa mtu wa Kilimanjaro au Arusha pa kuanzia ni maofisa wa afya mipakani, walioko KIA na Namanga, au ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, ambayo itakwambia ni wapi chanjo ipo wiki hii. Simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, nayo inasaidia. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa simu au benki, na risiti hutoka papo hapo. Anayetaka fedha taslimu mkononi bila risiti, mwachieni fedha zenu mfukoni na mwondoke. Mkienda kituo cha binafsi kilichoidhinishwa, ulizeni bei kwa vipande: kumwona daktari ni kiasi gani, dozi ni kiasi gani, kadi ni kiasi gani. Mara nyingi tofauti kubwa kati ya kituo na kituo haiko kwenye dozi.

Pigeni simu kabla ya kupanda gari, na nieleze kwa nini, kwa sababu wengi hukasirika wakiambiwa "njoo Alhamisi" na kudhani wanazungushwa. Chanjo hii huja kama ungaunga mkavu ulioganda chini ya kichupa kidogo, ikiwa imetunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Muuguzi huchanganya na maji yake maalumu, hutikisa taratibu, na kuanzia hapo saa inahesabu: ndani ya saa sita chupa iwe imetumika, na kinachobaki kinamwagwa. Chupa nyingi ni za dozi kadhaa, mara nyingi kumi. Akifungua kwa ajili ya Mama peke yake, dozi tisa zinakwenda kwenye ndoo ya taka. Ndiyo maana vituo hupanga siku na kukusanya watu. Ikiwa kuna wengine Kibosho au Moshi mjini wanaosafiri, nendeni pamoja, muuguzi atawafurahia.

Cheti huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya kuchanjwa, kwa sababu huo ndio muda ambao wengi wa waliochanjwa huwa wameshapata kinga. Mna wiki tano, muda unatosha, lakini Mama achomwe wiki hii au ijayo, ili ile homa ndogo ikimpata aipate nyumbani, na kasoro ya jina kwenye kadi ikionekana pawepo siku za kuirekebisha. Baada ya sindano akae hapo kituoni kama nusu saa kabla ya kuondoka.

Zile tano nyingine nitazipitia kwa ufupi. Homa ya ini A huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa. Mtu aliyekulia Kibosho miaka ya 1960 na 1970, akinywa maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa mlimani, akitoka kuchunga, karibu hakika aliipata utotoni bila hata kujua, kwani kwa watoto wadogo mara nyingi haionyeshi dalili, na aliyeipata mara moja haipati tena. Ninyi mna kinga ambayo mtalii wa Ulaya anainunua. Taifodi hivyo hivyo: hatari ya kuipata Minas Gerais kwa wiki mbili haizidi ile mnayoishi nayo hapa, na chanjo yake ya kawaida hudumu miaka miwili au mitatu tu na haimkingi kila mtu. Homa ya uti wa mgongo ni chanjo ya lazima kwa wanaokwenda Hija na Umra, angalau siku kumi kabla ya kufika Saudia, na ni ya busara kwa wanaokwenda ule ukanda wa Afrika unaotoka Senegali hadi Ethiopia wakati wa kiangazi. Saa chache kiwanjani Addis Ababa hazihesabiki. Kichaa cha mbwa kipo Brazili, na popo wa huko nao hukieneza, lakini kwa ziara fupi ya namna yenu sioni haja ya kuchanja mapema. Mkiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni hospitali ya umma siku ile ile, ambako huduma nchini Brazili ni bure hata kwa mgeni.

Homa ya ini B nataka niitenge, kwa sababu si jambo la safari lakini ni jambo la Mama. Inaenezwa kwa damu na majimaji ya mwili, na iko kwetu kuliko huko mnakokwenda. Mwenye kisukari anayejichoma kidole kila siku yuko katika hatari zaidi, hasa kama kichomeo kinatumiwa na watu wawili, jambo ambalo naomba lisifanyike kabisa. Mkirudi, bila haraka, mpimwe kwanza kipimo cha homa ya ini B, kwa kuwa kumchanja aliyekwisha kuambukizwa ni kutupa fedha. Mkiwa salama, chanjo tatu za miezi sita zitafaa, na hata mimi nitawahimiza.

Iko chanjo moja ambayo hamkuandikiwa, na imenishangaza. Wewe mzee wangu unashika panga na mkasi wa kupogolea mibuni kila wiki, na mkononi nina hakika una makovu. Mama alichomwa sindano za pepopunda alipokuwa akihudhuria kliniki ya wajawazito. Wewe hukuwahi kwenda kliniki hiyo, na ulizaliwa kabla ya mpango wa chanjo za watoto kuanza nchini mwaka 1975. Wanaume wa rika lako wengi hawajawahi kuchanjwa pepopunda hata mara moja. Ulizia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ni chanjo ya bei ndogo sana, na utaihitaji Kibosho kama utakavyoihitaji Brazili. Dozi ya kwanza uipate sasa na ya pili baada ya wiki nne, yaani wiki moja kabla ya safari.

Fedha mtakazookoa nunueni dawa nzuri ya kupaka ya kufukuza mbu na mashati ya mikono mirefu. Mbu wa Brazili wa kuogopwa wanauma mchana, na wapo miongoni mwao wanaoeneza homa ya dengi, ambayo mwaka 2024 iliwapata mamilioni ya watu nchini humo. Malaria ya Brazili iko karibu yote upande wa Amazon, kwa hiyo vidonge vya kuzuia malaria kwa Minas Gerais hamvihitaji. Mkipata homa mkiwa huko, mezeni paracetamol tu, msimeze aspirini wala dawa za maumivu kama diklofenaki, kwa kuwa katika dengi zinaweza kuongeza kutoka damu. Vidonge vya kisukari vya Mama viwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari, visiwekwe kwenye begi la kupakiwa.

Waandikieni pia wenyeji wenu. Walioweza kulipa tiketi mbili za Brazili hawatashindwa kulipa dozi moja ya homa ya manjano, na mara nyingi bajeti ya safari ina fungu la chanjo ambalo hakuna aliyewaambia wageni.

Baada ya Mama kuchanjwa, akipata homa kali isiyoshuka kwa siku mbili, macho kuwa ya njano, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au mkono na mguu kuishiwa nguvu, hasa ndani ya siku kumi za mwanzo lakini pia wakati wowote ndani ya mwezi mmoja, mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC mara moja na muwaonyeshe kadi ya chanjo. Na mkisharudi, yeyote kati yenu akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja asinunue dawa dukani. Aende hospitali, apimwe malaria, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba alikuwa Brazili na alipita Addis Ababa.